Pikapu Iliyotembea Peke Yake

Kila siku akitoka shule, Exaucée alivua sare yake ya bluu na nyeupe, akaikunja juu ya kitanda, akavaa gauni kuukuu na kwenda gereji. Hakuwa na safari ndefu. Gereji ya baba yake ilikuwa palepale uani walipokaa, katika komini, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kenya, mjini Lubumbashi nchini Kongo: ardhi nyekundu, paa la bati upande mmoja, na magari mabovu yaliyopandishwa juu ya matofali. Kazi yake ilikuwa kuosha spana kwa petroli, kuzipanga kwa ukubwa, na kuokota nati zilizojificha mchangani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, msichana wa maneno machache, na mwalimu wake alilalamika kwamba hata akijua jibu hanyooshi mkono.

Wiki hiyo, chini ya bati palikuwa na pikapu ya Mama Adolphine, jirani wa ua huohuo. Watu waliendelea kuiita pikapu ya Donat. Donat, mume wa Mama Adolphine, alikufa nayo msimu wa mvua uliopita, kwenye barabara ya Kipushi. Breki zake za nyuma zilikuwa za ngoma, zile za zamani ambazo vyuma vyake hufichwa ndani ya kopo zito la chuma. Maji na matope yalikuwa yameingia ndani ya ngoma. Donat alipokanyaga pedali nyuma ya lori lililosimama, magurudumu ya nyuma hayakushika. Baadaye pua ya gari ilinyooshwa na kupakwa rangi upya, lakini weupe wake haukulingana na ule wa zamani, kwa hiyo kila aliyeitazama aliona hasa mahali ilipogonga.

Mama Adolphine alihitaji gari hilo ili kubeba unga wa mahindi mpaka sokoni. Lakini alikuwa amemwambia baba yake Exaucée waziwazi:

"Papa Flori, toa zile ngoma zote. Weka diski nyuma, sawa na mbele. Bila hivyo miye sishiki usukani."

Fundi Floribert aliikubali kazi kwa moyo mzito. Yeye ndiye aliyezisafisha ngoma hizo wiki chache kabla ya ajali. Hakuna aliyewahi kumlaumu, lakini tangu siku ya mazishi alikuwa akiizunguka pikapu ile kwa mbali.

Alizing'oa ngoma. Akakata bamba la chuma na kulitoboa, ili lishikilie etriye, yaani kile chuma kinachobana diski pande zote mbili. Diski na etriye alizipata kwa wauza vyuma vya magari yaliyoanguka. Siku ya kutoa hewa kwenye mirija ya breki, Exaucée alikaa kwenye usukani ili akanyage pedali, na baba yake akalala chini ya gari.

"Pompa!"

"Ninapompa, papa."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

"Pedali iko namna gani?"

"Ngumu kama jiwe."

"Sasa hii njo breki!" Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, Exaucée alimsikia baba yake akicheka.

Kicheko hakikudumu. Exaucée alishuka na kuchungulia. Kebo ya breki ya mkono ilikuwa ikining'inia, haina pa kushikwa. Zamani ilivuta vyuma vilivyokuwa ndani ya ngoma. Etriye hizi zilitoka kwenye gari la aina nyingine, wala hazikuwa na mahali pa kufungia kebo. Floribert akachukua waya na kuifunga kwa nguvu kwenye chasisi.

"Papa, sasa breki ya mkono itashika nini?"

"Haitashika. Nitatafuta etriye zingine, zenye kuvutwa na kebo. Mama Adolphine anataka gari kesho. Nitamwambia aweke jiwe chini ya gurudumu."

Lakini kesho yake Mama Adolphine alipokuja, alishika mkono wa Floribert kwa mikono yake miwili, akalia kwa furaha, akasema sasa atalala usingizi. Maneno ya jiwe yakabaki mdomoni mwa fundi. Exaucée aliona yakibaki.

Alasiri moja, watu wakiwa wametulia vivulini, Mama Adolphine aliegesha pikapu mahali pake pa kila siku. Alifanya alivyofundishwa na marehemu mumewe: akatoa gia, akavuta breki ya mkono, akazima injini, akashuka na kurudisha mlango taratibu. Mkono wa breki ulivutika na kukaza vizuri, kwa kuwa kebo ilikuwa imefungwa kwenye chasisi. Magurudumu yalitulia kwenye kibonde kidogo, na mbele yake mteremko mwepesi wa ua ulielekea getini.

Mwanawe, Israël, mtoto wa miaka minane, alipanda ndani kama alivyozoea, akakaa mahali pa baba yake na kufunga mlango kwa kishindo.

Pikapu ikaanza kwenda.

Ilikwenda taratibu, bila injini, bila sauti ila ya mchanga chini ya matairi, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Ilipita karibu kabisa na jiko la Mama Christiane, muuza maandazi, ikaegemea nguzo ya geti na kusimama.

"Yesu wangu!" Mama Christiane alipiga kelele. "Motere imezimika! Nani anaiendesha?"

Israël alishuka. Alimkimbilia Exaucée, akamnong'oneza sikioni: "Ni papa. Papa alikuja kunibeba."

Exaucée alifungua mdomo, akamtazama yule mtoto, akaufunga tena. Yeye alijua ni nini, lakini hata yeye aliyejua aliogopa kuitazama ile pua yenye weupe wa aina mbili.

Habari zilienea haraka kuliko moshi wa makaa. Watoto wa mtaa waliacha kupita mbele ya geti. Wakilazimika, walivuka upande wa pili. Pikapu ilipotembea tena, na tena Israël akiwa ndani, maneno yakageuka. Mwanzoni walisema ni kivuli cha Donat. Sasa walisema kuna anayemwita.

"Hamuoni?" alisema Mama Christiane. "Mutoto akipanda, gari inatembea. Mutoto akishuka, inanyamaza. Ule mutoto iko na kitu."

Shuleni wenzake Israël walimhama benchi na kumwita mchawi. "Mulozi! Usimuangalie mu macho!" walipiga kelele, kisha wakakimbia wakicheka, nusu kwa mzaha na nusu kwa hofu ya kweli.

Exaucée hakuwa tena na raha. Aliuona ule waya kila mahali: kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwenye mpini wa ndoo, kwenye uzio wa shule. Ndoo ikigonga ukuta, alishtuka. Mwishowe alimfuata baba yake akiwa peke yake chini ya bati.

"Papa, banasema Israël ni mulozi."

"Nimesikia."

"Lakini ni waya, papa."

Floribert hakuinua macho kutoka kwenye kabureta aliyokuwa akiisafisha. "Ninatafuta zile etriye kila siku. Nikizipata nitafunga, gari itatulia, na maneno yatakwisha."

"Na Israël?"

"Exaucée!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka, ikawa ya mtu aliyechoka. "Unajua batasema nini? Batasema breki za Floribert njo zilimuua Donat, na sasa amerudia. Ni nani ataniletea gari tena? Tutakula nini?"

Baba yake akaanza kusafisha upya kipande kilichokwisha kung'aa, na Exaucée akakiona. Akaelewa kwamba gari lile lilimtesa baba yake kuliko lilivyomtesa mtu mwingine yeyote pale uani. Alimhurumia sana, akaondoka. Lakini huruma ile haikumpunguzia chochote Israël.

Jumamosi, kaka mkubwa wa Donat, Papa Katongo, alifika akiwa amevaa koti, uso umekunjamana. Majirani walikusanyika. Begi dogo la Israël lilikuwa tayari mlangoni.

"Mutoto ataenda na miye leo," alisema Papa Katongo. "Kuko chumba cha maombi. Batamufungia kule, hatakula wala kunywa, mpaka atasema nani alimupa ile nguvu."

"Ni mutoto wangu, shemeji!" Mama Adolphine alilia. "Hata kuua kuku anaogopa!"

"Ni mutoto wa ndugu yangu pia. Na ndugu yangu hapumziki mu kaburi."

Israël alishika sketi ya mama yake kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa akiangalia pikapu, kana kwamba anangoja mtu ashuke kumtetea.

Exaucée alimtazama baba yake. Floribert alisimama kando ya bati, kitambaa cha mafuta mkononi, macho chini. Exaucée akaenda mbele kabla hajajua atasema nini.

"Ni waya," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo mno. Hakuna aliyegeuka.

"Ni waya!" alisema tena, na safari hii ilitoka kama kilio. "Breki ya mkono haishiki! Kebo imefungwa na waya chini ya gari. Israël akifunga mulango, gari inatikisika, inatoka mu kibonde. Hakuna mulozi. Hakuna kitu ndani!"

"Weye mutoto," Papa Katongo alifoka, "bakubwa banazungumuza na weye unaingilia?"

"Mwacheni aseme." Floribert alikuwa amesogea. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Anasema kweli. Miye njo nilifunga."

Floribert aliingia kwenye pikapu, akairudisha mahali pake pa kila siku, akatoa gia, akavuta breki ya mkono na kushuka.

"Panda, Katongo. Weye mwenyewe. Ukae na ufunge mulango kwa nguvu."

Papa Katongo alisita. Watu wote walimtazama, na aliona haya kuogopa. Akapanda, akafunga mlango kwa kishindo.

Pikapu ikatikisika, ikatoka kwenye kibonde, ikaanza kwenda. Papa Katongo alitoa kichwa dirishani, macho yamemtoka. "Simamisheni! Inakwenda! Inakwenda!"

"Kanyaga breki ya mguu!" Floribert alipiga kelele. Papa Katongo akakanyaga. Etriye zikabana diski, na gari likasimama papo hapo.

"Ehe!" alisema kijana mmoja nyuma ya umati. "Kumbe na Papa Katongo ni mulozi!"

Watu wakaangua kicheko, wengine wakifuta machozi. Mama Christiane aliangalia maandazi yake kama mtu aliyeitwa ghafla na kazi. Ila Mama Adolphine hakucheka. Alimwendea Floribert mpaka wakakaribiana uso kwa uso.

"Siku zote hizi niliogopa gari ya bwana wangu. Niliogopa hata mutoto wangu mwenyewe, Flori. Usiku nilikuwa ninamuangalia akilala. Na weye ulijua?"

"Nilijua," alisema Floribert.

Papa Katongo alishuka polepole, akalichukua begi la Israël na kulirudisha ndani ya nyumba mwenyewe.

Wiki hiyo Mama Adolphine hakumsalimu fundi, naye fundi hakudai kusalimiwa. Aliliweka jiwe kubwa chini ya gurudumu, akazunguka kwa wauza vyuma mpaka akapata etriye zenye mkono wa kuvutwa na kebo. Alizifunga mchana kweupe, geti likiwa wazi, majirani wakitazama. Yeye aliyeogopa kukosa wateja alishangaa: siku ileile watu wawili walimwomba aangalie breki zao, kwa kuwa, walisema, huyu sasa hatatuficha kitu.

Kazi ilipokwisha, Israël alikuja akasimama kando yake.

"Papa Flori, basi haikuwa papa?"

Floribert aliweka spana chini. Alipiga magoti mchangani ili macho yao yalingane.

"Hapana, mwana. Haikuwa papa yako. Ni miye nilikosea, na nikaacha bantu bakuite jina mubaya. Unisamehe."

Mtoto aliinamisha kichwa, na hapo ndipo alipolia, kilio alichokuwa amekizuia tangu mvua za mwaka uliopita. Mama Adolphine alitoka nyumbani kwake, akamkumbatia, akamwacha alie mpaka akamaliza. Exaucée naye alikuwa akilia karibu na sanduku la spana.

"Papa, ningenyamaza, angebaki akiamini ni papa yake," alisema.

"Angeamini, na bangemufungia," alijibu baba yake. "Sikiliza, binti yangu. Breki mbovu mtu anaweza kuitengeneza siku moja, akinunua chuma. Lakini jambo unalolijua na kulificha, wengine wanalipa kwa ajili yako, na aghalabu anayelipa ni mdogo kuliko wote. Miye mtu mzima nilishindwa kusema. Weye ulisema, ingawa uliogopa, ingawa ni baba yako. Usiache kamwe kufanya hivyo, hata siku ambayo mwenye kosa ni miye tena."

Mama Adolphine alimsikia. Alimfuta Israël machozi kwa kanga yake, akafungua mlango wa pikapu na kumpandisha.

"Panda na weye, Exaucée," alisema. "Tunapeleka unga ku soko. Papa Flori, njoo ufunge geti nyuma yetu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa fundi wiki nzima. Floribert akaja mbio kulifunga.