Dakika Tatu za Manyoni

Kuku ndiye aliyeanzisha yote. Kama kamba iliyofunga miguu yake isingekatika pale stendi ya mabasi ya Singida, Jumamosi moja ya mwezi wa tano mwaka 1974, Theodora angechukua mzigo wake kama kila mwezi, angemshukuru kondakta wa basi la Kiomboi, angerudi chumbani kwake kupika. Lakini kamba ilikatika. Yule mtetea mwekundu, zawadi ya baba yake kutoka Kinyangiri, akaruka vikapu vya vitunguu, akapita katikati ya wauza nyanya, akavuka barabara. Theodora alimkimbiza na gauni lake jipya la maua ya njano, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Kuku akaingia barazani kwa Gokaldas, mwenye duka la vitambaa, chini ya meza ambapo wanaume wanne walikuwa wakicheza dhumna. Meza ikayumba, kete zikatawanyika sakafuni, kahawa ikamwagikia suruali ya kijana mmoja mrefu. Suruali yenyewe ilikuwa bugaluu nyeupe yenye miguu mipana, iliyopigwa pasi na mtu aliyejua atatazamwa. Kijana hakuiangalia hata kidogo. Aliinama, akapeleka mkono chini ya benchi, akainuka na kuku kifuani.

"Dada, nilikuwa nashinda," alisema. "Nilibakiwa na kete moja tu."

"Basi utashinda kesho. Nipe kuku wangu."

"Nitakupa. Lakini ukimpika, nusu ya paja ije hapa barazani, ya kufulia suruali."

Theodora akamjibu kwamba paja la kuku halina nusu, akampokonya kuku, akaondoka bila kugeuka nyuma. Kesho yake, baada ya kanisa, alirudi na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, na ndani yake mlikuwa na mapaja mawili. Alijiambia anakwenda kuomba radhi kwa ajili ya suruali. Kila mtu ana haki ya kujidanganya mara moja moja.

Kijana huyo aliitwa Laurian, mzaliwa wa Manyoni, fundi redio. Mzee Gokaldas alikuwa amempa kona ya baraza kwa ajili ya benchi lake, kwa sababu redio iliyopona ilivuta wateja na muziki wake haukuwa na kodi. Theodora naye alifanya kazi posta, kwenye ubao wa kuunganishia simu. Siku hizo simu hazikwenda zenyewe. Ukitaka Manyoni au Dodoma ulizungusha mkono wa simu, Theodora akaitika, akachomeka waya wako kwenye tundu la huko unakotaka, na zikifika dakika tatu aliingia katikati ya mazungumzo kusema muda umekwisha. Siku yake ya kwanza kazini aliapa mbele ya mkuu wake kwamba lolote atakalolisikia kwenye waya litabaki kwenye waya. Aliyevunja kiapo hicho alifukuzwa, na mpaka wakati huo Theodora hakuwahi kukivunja.

Dukani kwa Gokaldas kulikuwa na simu, nambari ishirini na saba. Wiki haikwisha kabla haijaanza kulia kila saa nne asubuhi kule posta.

"Posta Singida. Nikupe nambari gani?"

"Yako," Laurian alisema.

"Hiyo haimo kitabuni."

"Basi nipe saa. Mpenzi wa watu anatoka kazini saa ngapi?"

"Watu gani hao?"

"Mimi."

Saa kumi na nusu ikifika, Theodora alivua vile vyombo vya masikioni, akajipaka mafuta ya mikono, akateremka barabarani mpaka barazani. Hapakuwa na makubwa pale. Kulikuwa na benchi, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, redio tatu zilizofunguliwa matumbo na ya nne iliyokuwa ikiimba, na jua la jioni likipaka rangi majabali makubwa nyuma ya mji. Laurian alimfundisha dhumna, naye kwa mwezi mmoja akawa anamfunga mwalimu wake mbele ya watu. Karanga za kukaanga walikula kutoka kwenye kipande kimoja cha gazeti, na yeyote aliyechukua ya mwisho bila kuuliza alitozwa wimbo. Jumapili walitembea mpaka ziwani Singidani kutazama ndege wekundu wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, Laurian akiwapa majina ya vigogo wa mjini mpaka Theodora akashika mbavu. Akirudi chumbani alihisi ameshiba, hata siku ambazo hakula.

Siku moja, karanga zikiwa zimebaki tano, Laurian alimuuliza angefanya nini mtu akimwambia anataka kumwoa.

"Nisingefanya lolote," Theodora alisema. "Mwanamume anayenitaka aende kwanza kwa baba yangu. Mimi asinisumbue."

Alisema kwa utani, akachukua karanga tatu. Laurian hakucheka. Theodora aliona, kisha akasahau.

Ulipofika mwezi wa tisa, kuku wa baba hakuja. Wala wa mwezi wa kumi hakuja, wala barua. Mkoa mzima ulikuwa safarini. Watu walikuwa wakihamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya mbalimbali na kuwekwa pamoja katika vijiji vipya, wengine kwa malori, wengine kwa miguu na vitanda kichwani, na vijiji hivyo vilipewa majina ambayo hata kondakta wa basi la Kiomboi hakuyajua. Theodora aliandika barua mbili kwa anwani ya zamani. Ya kwanza haikujibiwa, na ya pili ilirudi. Kila alipounganisha simu ya Kiomboi, moyo ulimwenda mbio.

Katika hali hiyo ndipo alipopokea simu ya Manyoni. Alikuwa Simeoni, kaka mkubwa wa Laurian, karani wa stesheni kule, akitaka nambari ishirini na saba. Theodora aliiunganisha, akatazama saa ya ukutani, akaendelea na mengine. Dakika tatu zilipotimia akaingia kwenye laini kama kazi inavyotaka, na kabla hajafungua kinywa akamsikia Simeoni.

"Huyo mzee wa Mwangaza amewapokea ng'ombe. Binti yake ni wako. Ila usimwambie mtu hapo mjini mpaka tumalize mambo."

"Sawa, kaka," Laurian alisema. Sauti yake ilikuwa imejaa furaha, furaha ambayo Theodora aliijua. "Simwambii mtu."

Theodora akasema dakika tatu zimekwisha. Akachomoa waya. Akaunganisha simu nyingine nne bila kukosea hata moja, kisha akaenda uani, akasimama nyuma ya tangi la maji na kulia.

Jina la Mwangaza hakuwahi kulisikia. Lilikuwa mojawapo ya yale majina mapya, huko upande wa Manyoni bila shaka, na huko kulikuwa na binti aliyetolewa ng'ombe. Wakati yeye akihesabu ndege ziwani, wenzake walikuwa wakihesabu mifugo. Iliuma, na kilichouma zaidi ni kwamba hakuweza kumuuliza. Akimuuliza, atakuwa amesema alisikia nini na alisikia wapi. Kazi ile ndiyo iliyomlisha, na kiapo kile kilikuwa na sahihi yake.

Siku hiyo hakushuka barazani. Wala kesho yake. Laurian alipopiga simu saa nne, alimuuliza anataka nambari gani, ndugu. Akamwita ndugu kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa makarani wa wilaya. Laurian alidhani ni mzaha, akacheka. Alipoona hachekewi, akaweka simu chini. Alikuja mpaka kaunta ya posta kumuuliza kosa lake. Theodora alimwambia hana kosa, ana haraka. Kijana wa watu alikuwa na jambo lililomwasha ulimini, lakini kaka yake alikuwa amemfunga mdomo mpaka wazee wamalize. Basi wakasimama pale, mmoja upande huu na mmoja upande ule wa kaunta, kila mmoja na siri yake, kisha Laurian akanunua stempu asiyoihitaji na kuondoka.

Theodora akaomba uhamisho. Tabora walikuwa na upungufu, na jibu lilirudi haraka kuliko alivyotarajia: aripoti Jumatatu. Wiki ya mwisho alikula kwa kulazimisha. Ugali wa uwele aliuacha nusu sahani, redio ya jirani aliiona kelele, na karanga hakutaka hata kunusa.

Ijumaa, siku yake ya mwisho, saa tisa na nusu mchana, taa ya Kiomboi ikawaka.

"Singida, nina mzee hapa," alisema mpokea simu wa Kiomboi, dada mmoja aliyeitwa Redempta. "Hataki nambari. Anakutaka wewe mwenyewe."

Kisha ikaja sauti kubwa ya mtu anayeamini kwamba Singida ni mbali na lazima apige kelele. "Theodora? Ni mimi baba yako, Nathanaeli."

Theodora akashika ubao kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tu wazima. Mama yako mzima. Walituhamisha, lori lilikuja asubuhi, mama yako akakataa kupanda mpaka jiwe lake la kusagia lipakiwe. Kuku waliisha njiani. Sasa tuko Mwangaza, mwendo wa nusu siku kutoka hapa Kiomboi."

"Wapi, baba?"

"Mwangaza. Kijiji kipya. Hata wakwe walitutafuta kweli kweli, walikuta magofu kule kwetu."

Mzee akadhani waya umekatika, akapaza sauti zaidi. Alieleza kwamba watu wa Manyoni walikuja na ng'ombe, wakamtaja fundi redio Laurian, watu wenye adabu. Aliwapokea, lakini ng'ombe bado wamelala zizini kwa jirani.

"Sijawachanganya na wangu," alisema. "Kwangu hawachanganyiki kabla binti hajasema mwenyewe. Barua ingechelewa, ndiyo maana nimekuja kwa miguu. Sema. Ukisema hapana, wanarudi kesho. Posta hapa inafungwa saa kumi."

Baba alikuwa hai, mama alikuwa hai na jiwe lake, na binti wa Mwangaza alikuwa yeye. Alitaka kucheka na kulia, na juu ya yote hayo alihisi hasira kidogo, hasira tamu ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Baba, subiri. Usiweke chini hiyo simu."

Akaacha waya wa Kiomboi mahali pake, akachukua mwingine, akaita nambari ishirini na saba. Gokaldas aliitika. Theodora alimwomba Laurian, na yule mzee, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akimtazama fundi wake akiunguza waya, hakungoja salamu, alimwita mara moja.

"Naam," Laurian alisema, kwa sauti ya mtu asiyetegemea jema.

"Laurian, nilisikia simu ya kaka yako. Niliingia kukata dakika tatu, nikasikia binti wa Mwangaza, nikadhani ni mwingine. Sikujua kwamba baba yangu anakaa huko. Nimevunja kiapo kukuambia, na ukitaka kunishitaki, mkuu wangu yumo ofisini."

Kisha pumzi ndefu, kama mtu anayetua gunia.

"Kumbe ndiyo hiyo," alisema. "Theodora, niliposikia umeomba kuhamia Tabora, nilidhani umepata mtu huko."

"Kwa nini hukuniuliza mimi kwanza?"

"Ulisema nisikusumbue. Zilikuwa zimebaki karanga tano. Ulisema niende kwa baba yako."

Theodora akafumba macho. Kweli alisema. Mwanamume gani huyu anayeshika maneno ya mtu mwenye karanga mdomoni.

"Basi umekwenda," alisema. "Sasa nisumbue. Nimekupa dakika tatu."

Hakuhitaji zote. "Nataka uwe mke wangu," Laurian alisema. "Nataka uje barazani kila jioni unifunge dhumna mpaka tuzeeke. Sina kingine cha kukuahidi. Unakubali?"

Theodora akazichomeka laini mbili pamoja, ya Kiomboi na ya dukani, jambo ambalo kazi yake ilimruhusu kulifanya mara mia kwa siku kwa ajili ya wengine.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Waingize ng'ombe."

Mzee alicheka kwa sauti iliyotikisa waya. Laurian alimwamkia shikamoo mara tatu, kila mara upya. Na katikati yao ikaingia sauti ya kazi, nyembamba, yenye mafua ya machozi.

"Dakika tatu, Singida," alisema Redempta wa Kiomboi. "Hongera, dada. Mimi sikusikia kitu."

Theodora alikwenda ofisini kwa mkuu wake na ile karatasi ya uhamisho. Alisema ukweli wote, pamoja na kiapo. Mkuu alimtazama juu ya miwani. Akasema sheria hukataza kusema ya wengine, na kwa kadiri anavyoona hayo yalikuwa ya kwake mwenyewe. Kuhusu Tabora, ataandika kwamba watafute mtu mwingine.

Saa kumi na nusu aliteremka barabarani na lile gauni la maua ya njano. Barazani redio ilikuwa inaimba, kahawa ilikuwa tayari, na Laurian alikuwa amesimama kando ya benchi, hajui mikono aiweke wapi. Mezani palikuwa na karanga kwenye gazeti. Theodora akaketi, akavuta gazeti upande wake, akaanza kula. Ndipo alipotambua jinsi alivyokuwa na njaa.