Duka Lisilokuwemo Kwenye Ramani

Kioo kilipasuka vipande viwili, na fundi hata hakushtuka. Alibaki ameinamia mchoro uliokuwa mezani kama mtu aliyedondosha sindano.

"Cha tatu hicho leo," dada yake alisema huku akiendelea kupiga msasa. "Ukienda hivyo tutauza fremu tupu, wateja waje na vioo vyao."

"Simo, dada. Njoo utazame mwenyewe. Mimi simo."

Mchoro wenyewe ulikuwa wa mwalimu. Alifundisha jiografia kwenye shule ya pale juu ya mtaa, ile jiografia ya watu: kwa nini wanahama, kwa nini wanarundikana huku na kule wanapakimbia, kwa nini sehemu moja kwa huyu ni kiwanja tu na kwa yule ni nyumbani. Safari hii aliwaambia wanafunzi wachore mtaa bila kuchungulia popote, kila mtu kama ulivyo kichwani mwake, na yeye akachora wa kwake. Kisha akaileta michoro yote kwa fundi itiwe fremu, shule ilikuwa na maonyesho.

Fundi aliifanya kazi ile akitabasamu peke yake. Mmoja alichora uwanja wa mpira mkubwa kuliko hospitali. Mwingine aliweka nyumba ya bibi yake mlango wa pili, wakati kwa huyo bibi ni lazima upande magari mawili.

"Hajakosea," mwalimu alimwambia siku ile. "Kilomita ni za barabara, fundi. Watu wana vipimo vyao. Kwa bibi hakuna mbali."

Fundi alilala na maneno hayo. Wasomi alishawasikia wengi, wengine wakiongea mpaka unatamani kwenda kuteka maji. Huyu alikuwa akifungua mdomo, mtaa uliokuzaa unauona kama umeingia leo.

Ndiyo maana siku chache nyuma alijikaza akamwambia anataka kumuoa. Mwalimu akamweleza kwamba chuo cha ualimu cha mji mwingine, mbali huko, kimemwita akafundishe. Akaomba muda wa kufikiri. Fundi akasema chukua tu. Ukiombwa muda, utasema nini kingine, kwamba umeisha?

Na leo ndiyo alikuwa amefikia mchoro wa mwalimu. Duka la dawa lilikuwemo, ingawa msalaba wake ulichorwa nusu. Mwoka mikate alikuwemo, mpaka moshi wake. Fundi cherehani alikuwemo, na lile lipaka lake linene, limejinyoosha kizingitini. Duka la fremu halikuwemo.

"Makubwa. Paka kaingia, wewe umeachwa nje," dada alisema, kisha akauona uso wa mdogo wake na kicheko kikamwishia mdomoni. "Labda alisahau."

"Mtu aliyekumbuka paka?"

Dada akamshauri apige simu aulize, kuuliza si ujinga. Fundi akasema jibu likishachorwa halina haja ya kusomwa kwa sauti. Akashika simu, akaandika, akafuta, akaandika tena, mwisho akatuma:

"Mwalimu, jibu lako nimeliona. Nenda salama chuoni, wanakustahili. Fremu zote zitakuwa tayari kesho."

Kisha akavuta kutoka juu ya kabati zile mbao nyekundu alizokuwa amezitunza kwa ajili ya picha ya harusi yake. Akazipima, akazikata, akautia mchoro ule fremu nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza.

"Hapo unampamba au unamzika?" dada akauliza.

"Mchoro ni mzuri. Kosa si la mchoro."

Simu ikaita.

"Fundi, jibu gani hilo uliloliona?" Ilikuwa sauti ya mwalimu.

"Ramani, mwalimu. Mpaka paka umemweka."

Halafu akasikia kitu ambacho hakukitegemea kabisa: mwalimu anacheka, taratibu, kama mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Dukani."

"Nenda kakae kwenye benchi la wateja. Weka mchoro magotini, halafu tazama nje. Kulia kwako kuna nini?"

Fundi akakaa, akatazama. "Duka la dawa."

"Na kwenye mchoro?"

"Kulia."

"Kushoto?"

"Mwoka mikate. Kushoto hivyo hivyo."

"Msalaba wa duka la dawa unauonaje hapo ulipokaa?"

"Nauona nusu. Nguzo ya umeme inau..."

Akautazama mchoro tena. Msalaba nusu, na mstari mweusi uliosimama mbele yake, ambao mchana kutwa alidhani kalamu imeteleza.

"Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu," mwalimu alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Mtu akichora dunia ya kichwani mwake, anachora anachokiona. Pale alipokaa yeye, hapachori. Fundi, nimekaa kwenye hilo benchi jioni ngapi, najifanya nasubiri gundi ikauke?"

Nyuma ya fundi, msasa wa dada ulikuwa umeacha kutoa sauti.

"Sasa ule muda ulikuwa wa nini?"

"Wa woga. Hilo duka amekuachia marehemu baba yako. Kuna vitu vinamsukuma mtu atoke mahali, na kuna vinavyomvuta aende kwingine. Nimeutazama huo mtaa wote, sijaona kinachokusukuma. Ningekwambia vipi twende wote?"

"Kinachonisukuma hakipo," fundi akasema polepole. "Kinachonivuta kinaongea na mimi saa hii. Mbao zipo kila mji, mwalimu, na kila mji watu wana picha za mama zao. Dada atabaki na duka."

Dada akampokonya simu.

"Wifi, mchukue haraka. Vioo vyenyewe vinakaribia kuisha."

Walioana shule zilipofungwa. Kwenye mji mpya, kitu cha kwanza ambacho fundi alitundika ukutani ni ramani aliyoichora mwenyewe, daraja, chuo, muuza matunda na mwavuli wake uliochanika. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea aliisogelea, akaisifu, akaizungushia kidole mara mbili.

"Umechora vizuri, mkwe wangu. Ila nyumba yenu mbona siioni?"

Fundi akamtazama mke wake. Mwalimu akavuta kiti, akakiweka mbele ya dirisha.

"Mama, kaa hapa kwanza. Kulia kwako kuna nini?"