Muda Mfupi, Moto Ule Ule

Krrr. Krrr.

Bi Rayya alifumbua macho. Alfajiri ilikuwa bado. Sauti ikaja tena kutoka jikoni, kama mtu anayechana nguo kuukuu. Kisha ikafuata nyengine: puf, puf, puf.

"Panya," alijisemea. "Lakini panya gani huyu mwenye pumzi?"

Alijitanda kanga, akashika mkongojo, akaenda polepole hadi jikoni. Theodora, msaidizi wao wa nyumbani kutoka Bukoba, alikuwa amekaa kitini huku macho yamemjaa usingizi. Mkono wake ulikuwa juu ya meza. Afra, mjukuu wa Bi Rayya, alikuwa akimfunga mkanda wa kupimia presha. Alipoubandua ulilia krrr, na alipoujaza upepo ulilia puf.

"Usiseme, Theo. Mtu akipimwa presha hasemi."

"Sijasema, dada. Nimepiga miayo tu."

"Na miayo usipige."

Theodora alimwona Bi Rayya mlangoni. "Bibi, niokoe! Mkono huu umepimwa mpaka sasa una presha yake peke yake."

Bi Rayya alicheka. Lakini jicho lake likaangukia sahani ya wali wa jana. Ilikuwa imefunikwa vilevile alivyoifunika yeye usiku. Afra hakula. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea.

"Mwanangu, una nini?"

"Sina kitu, bibi. Nasoma tu."

Bi Rayya ndiye aliyemlea Afra baada ya mama yake kufariki. Baba yake alifanya kazi mbali, bandarini Duqm, na kurudi nyumbani Maskati mwisho wa wiki. Afra alikuwa tayari na shahada ya biolojia, lakini kazi hakupata. Mwaka jana alikubaliwa kusoma shahada ya uuguzi, katika mpango wa muda mfupi kwa watu wenye shahada nyengine. Siku ile Bi Rayya aligawa halwa kwa majirani wa mtaa wao wa Mawaleh, mlango kwa mlango. Aliyemuuliza alimjibu, "Wenziwe wanasoma miaka mingi. Huyu wangu wa haraka. Mambo mepesi!"

Hivyo ndivyo alivyoamini. Kama muda ni mfupi, basi na kazi ni ndogo.

Kabla ya jua kupanda, simu ililia. Alikuwa Bi Zuwena, kutoka mtaa wa Al Khoudh. Mumewe amefariki. Bi Zuwena alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mume wa Bi Rayya.

"Inna lillahi," alisema Bi Rayya, na machozi yakamtoka. "Zuwena, usiwe na wasiwasi. Afra atakuwa kwako siku zote tatu za azaa. Yeye ndiye atakayemimina kahawa."

Bi Zuwena hakujaaliwa binti. Siku za azaa, nyumba yenye msiba hupokea wanawake wanaokuja kutoa pole kutwa nzima, na kahawa huzungushwa na binti wa ukoo. Kila lilipotokea jambo, Afra ndiye aliyeshika dalla, lile birika la kahawa. Watu wote walilizoea hilo.

Afra aliposikia, mkanda ulimwanguka mkononi.

"Bibi, siku ya tatu nna mtihani wa vitendo. Wodini, mbele ya mgonjwa."

"Mwambie mwalimu una msiba. Kwani yeye hana jamaa?"

"Nimeshamwambia mengi, bibi."

Afra aliingia chooni akafungua bomba. Maji yalimwagika kwa nguvu, lakini Bi Rayya alimsikia analia. Mtoto huyu ana jambo, na nyumbani hamwambii mtu.

Asubuhi ile ile Bi Rayya alifunika sahani ya vitumbua, akamvuta Afra kwa mkono, wakaenda kwa jirani yao Balqis. Balqis aliuguza wagonjwa kwa miaka mingi. Sasa alikuwa akiwasimamia wanafunzi wa uuguzi katika hospitali nyengine.

"Karibuni. Mbona nyuso zimekunjamana hivi?" aliuliza Balqis.

Bi Rayya alimweleza habari ya msiba na mtihani. Balqis alimgeukia Afra.

"Umeshakosa siku wodini?"

"Hajakosa," alijibu Bi Rayya upesi.

"Nimemuuliza yeye, bibi yangu."

Afra aliangalia zulia. "Nimekosa. Siku ya harusi ya Khuwair. Siku ya wageni wa Sohar. Na siku niliyompeleka bibi kwa daktari wa macho. Nikikosa tena, nitatolewa kwenye kundi langu. Nitasubiri kundi jengine, na sijui kama watanichukua."

Siku zote hizo, ni yeye aliyesema, "Twende."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje, bibi? Ungesema, 'Tazameni, Afra kasoma mpaka kaota pembe.'"

Balqis alicheka, na Bi Rayya akacheka pia huku akijifuta macho. Ni kweli. Angelisema hasa.

"Sikiliza, bibi," alisema Balqis. "Umewahi kupika halwa?"

"Wee! Unaniuliza mimi?"

"Halwa ikiwa jikoni, unaweza kuacha kuikoroga ukaenda kuzungumza na mgeni?"

"Itashika chini. Itaungua yote."

"Basi ndiyo masomo ya Afra. Sayansi aliyokwisha kuisoma hairudii, ndiyo maana muda umekuwa mfupi. Lakini kazi ya wodini haikupunguzwa. Moto ni ule ule, sufuria ni ile ile, na likizo ndefu hakuna. Mgonjwa hajali kama muuguzi wake kasoma upesi au taratibu. Anataka mkono unaojua kazi."

Bi Rayya aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa tufanye nini?"

"Kwanza, Afra ampigie mwalimu leo hii. Amwambie kuna msiba, na aulize nini kinawezekana. Mwanafunzi anayesema mapema husaidiwa. Anayepotea kimya hudhaniwa mvivu. Pili, siku zake za wodi zijulikane nyumbani, ili mtu asimwahidi bila kumuuliza."

Bi Rayya aliinamisha kichwa.

"Na wewe Afra, kula na ulale. Mwenye usingizi husoma kipimo cha dawa vibaya, na dawa ikizidi inaua. Kulala nako ni sehemu ya masomo."

Mwalimu alijibu simu kwa upole. Mtihani haungeweza kusogezwa. Lakini siku mbili za mwanzo masomo yaliisha mchana, na Afra angeweza kwenda msibani baada ya hapo.

Likabaki moja, nalo lilikuwa zito. Nani atamwambia Bi Zuwena?

"Mimi ndiye niliyeahidi," alisema Bi Rayya. "Nitasema mimi."

Akapiga simu, akasema. Kisha sauti ya Bi Zuwena ikaja, kavu kama tende ya mwaka juzi. "Haya. Mwache asome. Maiti hataki kahawa."

Simu ikakatwa. Usiku ule Bi Rayya hakupata usingizi mwema. Alimwogopea Afra asianguke mtihani. Aliuogopea ukoo usivunjike. Yote mawili kwa ajili ya mdomo wake.

Siku mbili Afra alifika msibani alasiri, akamimina kahawa hadi Magharibi. Siku ya tatu, Bi Rayya alishika dalla mwenyewe. Mkono ulimtetemeka na kahawa ikamwagika kwenye mkeka.

"Yule binti yuko wapi leo?" alinong'ona mwanamke mmoja.

"Kasoma. Hatumfai tena," alijibu mwenziwe.

Bi Zuwena alisikia, akageuza uso. Lakini jirani mmoja, mwanamke asiyemjua hata jina, aliinuka, akaipokea dalla kutoka mkononi mwa Bi Rayya na kuendelea kumimina. Wema ule Bi Rayya hatausahau.

Baada ya Adhuhuri simu yake ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe. Aliiweka simu sikioni, akasikia sauti ya Afra, ndogo na ya furaha: "Bibi, nimefaulu. Mkono wangu haukutetemeka."

Katika nyumba ya msiba watu hawacheki. Bi Rayya alijifunika uso kwa kanga. Waliomwona walidhani analia.

Wiki iliyofuata, siku ambayo Afra hakuwa na wodi, yeye na Bi Rayya walikwenda tena Al Khoudh. Nyumba ilikuwa kimya. Viatu vilivyojaa mlangoni siku za azaa havikuwepo. Bi Zuwena alifungua mlango mwenyewe.

"Ah. Msomi amepata nafasi leo," alisema.

Afra alimbusu mkono, akakaa karibu yake. Akaona sahani ndogo yenye pakiti ya vidonge kando ya birika la maji. Pakiti ilikuwa nzima.

"Bibi Zuwena, hizi si dawa zako za presha? Unameza?"

Bi Zuwena aliangalia kiti kitupu mbele yake. "Alikuwa akiniletea yeye, kila asubuhi, pamoja na maji. Sasa nani ataniletea?"

Afra alimwacha apumzike kwanza. Kisha akatoa mkanda wake mkobani, akamfunga. "Miguu chini, bibi. Na usiseme."

Krrr. Puf, puf, puf. Afra alipima, akangoja, akapima tena.

"Iko juu sana, bibi."

"Basi nipe viwili vitatu nimeze. Wewe si muuguzi?"

"Bado. Mimi mwanafunzi. Umeacha dawa siku nyingi, na nikikubahatishia naweza kukuumiza. Twende kituo cha afya sasa hivi. Nna gari nje."

Bi Zuwena alitaka kubisha. Aliutazama uso wa Afra, akachukua buibui lake.

Daktari alimpima, akampangia dawa upya. Alisema, "Mmefanya vizuri kumleta leo. Wengine huletwa wamekwisha kupooza."

Waliporudi kwa Bi Zuwena, walifungua chupa ya chai yenye uji ambao Theodora aliwapikia asubuhi waje nao. Walikunywa wote watatu. Afra aliweka kengele kwenye simu ya Bi Zuwena ilie kila asubuhi, wakati ule ule ambao mumewe alikuwa akileta maji.

Jua lilipoanza kushuka, Bi Rayya alishika mkongojo wake. Bi Zuwena aliwasindikiza hadi mlangoni. Hapo akashika ukingo wa mkono wa nguo ya Afra, hakuuachia.

"Siku zile tatu nyumba ilijaa watu," alisema. "Sikumwona hata mmoja. Leo nimekuona wewe."

Afra aliuweka mkono wake juu ya ule wa Bi Zuwena.

"Njoo tena, mwanangu. Njoo unipime. Lakini siku ya wodi usije. Ukija siku ya wodi, wallahi, sikufungulii mlango."