Pikapu ya Nyaboke na Chaji ya Ijumaa

Ijumaa nyumbani kwa Nyaboke ni siku ya mbio. Yeye na mumewe, Kerosi, ni Wasabato kutoka Kisii waliohamia Homa Bay kuuza samaki. Kabla jua halijatua na Sabato kuingia, kila kitu lazima kiwe tayari. Maharage yamepikwa. Viatu vimepigwa rangi. Mitungi imejaa maji. Naye Kerosi huchaji pikapu yao ya umeme mpaka ijae pomoni. Hapo ndipo roho yake hutulia.

Jumamosi pikapu hushinda uani, juani, na chaji yake yote. Jumapili alfajiri wanapakia samaki na barafu. Kisha wanaelekea Kehancha, karibu kilomita mia moja, kwa Mirumbe mwenye hoteli.

Waliinunua mwaka jana ikiwa imeshatumika. Nyaboke aliuza ng'ombe wake wawili ili ipatikane. Mwanzoni ilikwenda Kehancha na kurudi bila wasiwasi. Lakini Jumapili iliyopita iliishiwa nguvu wakiwa njiani kurudi, kabla ya kufika Rongo. Ilibidi isukumwe hadi kwenye kinu cha kusaga mahindi, nao wakaomba soketi. Walifika nyumbani Jumatatu, kila mmoja amenuna upande wake.

Habari haina miguu lakini hufika. Jirani yao Cephas, mwenye lori la dizeli, alikuja asubuhi hiyo hiyo.

"Hiyo betri imekufa, Kerosi," alisema. "Na mpya ni bei ya gari zima. Niuzie kwa nusu ya bei mliyonunua. Mimi nataka vyuma tu. Nakungoja mpaka Jumatatu ijayo."

Kerosi alikuwa karibu kukubali.

"Mama Bravin, tuuze," alimwambia mkewe. "Nusu shari kuliko shari kamili."

Nyaboke aliwakumbuka ng'ombe wake, akaumia moyoni. Bila pikapu, safari za Kehancha zingekwisha, na karo ya mwana wao Bravin ilitoka huko.

"Ng'ombe akiugua, Baba Bravin, tunaita daktari kwanza au mchinjaji?" aliuliza. "Hii gari itapimwa. Baada ya hapo ndio tutaongea na Cephas."

Jumanne waliipeleka kwa Emmaculate, fundi wa magari ya umeme. Alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, mtu asiyependa porojo. Alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akatazama simu yake.

"Afya ya betri ni themanini na moja kwa mia," alisema. "Haijakufa. Imepungua. Mlipoinunua ilikuwa ngapi?"

Hawakuwa wameipima.

"Tuliangalia rangi," alisema Nyaboke.

"Na matairi," Kerosi aliongeza. "Niliyapiga teke yote manne."

Emmaculate alicheka kidogo. "Mzee, kwa gari ya umeme, betri ndiyo mali. Ukinunua iliyotumika, pima betri kabla hujatoa pesa. Rangi utapaka hata wewe."

"Na hiyo betri mpya, ni bei ya gari zima kweli?" Nyaboke aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemnyima usingizi.

"Hapana. Ni ghali, siwezi kukudanganya. Kwa hii yenu, ni karibu nusu ya pesa mliyolipa. Lakini ndani yake kuna masanduku madogo mengi. Mara nyingi linaharibika moja, na fundi aliyesomea anabadilisha hilo moja. Msifungue wenyewe, huo umeme unaua. Na hata betri ikichoka kwa gari, bado inaweza kuwekewa sola iendeshe friji ya samaki. Hapa naona masanduku yote ni mazima. Sasa niambieni mnavyochaji."

Kerosi alieleza kwa fahari. Katikati ya wiki hungoja chaji ibaki kidogo sana, kama alivyozoea kungoja taa ya dizeli iwake. Ijumaa huijaza yote kwa ajili ya Sabato na safari ya Jumapili kwenda kwa Mirumbe, Kehancha.

"Halafu inakaa juani siku nzima ikiwa imejaa?"

"Ndiyo."

"Hapo ndipo mnapoiumiza," alisema Emmaculate. "Betri ni kama tumbo. Njaa kali leo, kuvimbiwa kesho, halafu ulale juani. Utadumu? Kitabu cha gari hii kinasema siku za kawaida chaji ichezee kati ya ishirini na themanini kwa mia. Gari zingine zina betri tofauti, kwa hivyo kila mtu asome kitabu cha gari yake. Siku ya safari ndefu unaweza kuijaza, lakini ijae karibu na kuondoka."

Uso wa Kerosi ulikunjamana. "Unataka niache matayarisho ya Sabato? Mimi sichaji gari siku ya Bwana."

"Sabato inaisha saa ngapi?"

"Jua likitua."

"Na kwenda Kehancha mnaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Hapo katikati ni zaidi ya saa kumi, mzee. Ijumaa iache na sitini, kivulini. Jumamosi jua likishatua, chomeka. Alfajiri itakuwa imekaribia kujaa."

Kerosi alihesabu saa hizo kwa vidole. Nyaboke alimjua mumewe. Akianza kuhesabu hivyo, hoja imemwingia.

"Lakini iliyopungua itarudi?" Nyaboke aliuliza.

"Hairudi, mama. Tutaizuia tu isipungue mbio. Kwa hivyo mkifika kwa Mirumbe, ombeni soketi mkipakua na kuuza. Saa tatu zinawaongezea kama kilomita ishirini na tano. Na punguzeni mwendo, hasa kwa milima."

Ijumaa hiyo Kerosi alijenga kibanda cha mabati uani. Chaji ilipofika sitini alichomoa waya kwa mkono mzito. Usiku huo aligeukageuka kitandani. Jumamosi jua lilipozama, alikuwa wa kwanza kutoka nje na waya.

Jumapili walikwenda pole pole. Mirumbe aliwapa soketi, nao wakamlipa umeme wake. Wakati wa kurudi, Nyaboke hakuondoa macho kwenye namba za chaji. Rongo waliipita. Walipoliona ziwa, aliegemea kiti. Waliingia uani chaji ikiwa kumi na tatu.

Jumatatu asubuhi Cephas alikuja na pesa mfukoni. Nyaboke alimpa chai.

"Kunywa, shemeji," alisema. "Gari haliuzwi."

Miezi sita ilipita. Emmaculate aliipima tena betri, akapata themanini.

"Imeshuka moja tu," alisema. "Hivyo ndivyo betri inavyozeeka kwa heshima."

Ijumaa iliyofuata Onsongo, mzee wa kanisa, alipita kwao. Aliona waya umechomolewa na pikapu iko kivulini.

"Kerosi, Sabato inaingia na gari yako haijajaa. Umelegea siku hizi?"

"Mzee, katika Biblia hata punda aliamriwa apumzike Sabato," alijibu Kerosi. "Na huyu wangu wa umeme hapumziki vizuri akishiba kupita kiasi."