Nyumba Iliyoandikwa Stoo

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa amesimama juu ya kiti, akitundika pazia kwenye dirisha la nyumba yake mwenyewe. Nyuma yake binti zake pacha walikuwa wakigombania kitanda cha juu.

"Mimi ndiye mkubwa!"

"Mkubwa wa dakika saba!"

Mume wake, ambaye mtaa mzima tunamwita Dobi kwa sababu anafua mashuka ya hospitali, alikuwa ameketi kwenye kibaraza alichokimwagia zege kwa mikono yake, anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimepiga goti mlangoni nikirekebisha bawaba. Nawaambieni, ndugu zangu, katika miaka yangu yote ya kuchomelea vyuma sijaona watu waliotulia vile.

Ndipo wakaingia wanaume wawili wenye utepe wa kupimia na vigingi, na nyuma yao mwenye duka la dawa la barabarani. Alitusalimia vizuri, akamgeukia Mama Pacha.

"Samahani, mama. Hii stoo mnaihamisha lini?"

"Stoo gani?"

"Hii mliyomo."

Kabla sijaendelea, niwaeleze walifikaje hapo. Dobi na mkewe walipanga chumba kimoja kwa miaka kumi na moja. Cherehani ya Mama Pacha ilikaa miguuni pa kitanda, na watoto walilala baada ya mteja wa mwisho kuondoka. Walitaka chao. Nyumba ya matofali hawakuiweza, hata kwa ndoto. Viwanja vya kulipia kidogo kidogo vilikuwa mbali kiasi kwamba Dobi angefika kazini zamu imekwisha. Kulikuwa na familia nne zilizoungana kununua nyumba moja kuukuu na kugawana vyumba, lakini walipokwenda kuuliza nafasi zilikuwa zimejaa. Mwisho wakaja karakana kwangu kuniuliza habari za kontena.

Nikawaambia ukweli. Kontena kuukuu ni chuma tu, lakini ukilikata madirisha, ukalivika mbao kwa ndani, ukalijengea paa la pili juu lisigeuke tanuri, unapata vyumba viwili na jiko, na kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo anaiweza. Wamekaa watu humo na wamezeeka humo.

"Kontena tutapata," alisema Dobi. "Tutaliweka wapi?"

Kaka yake akajibu swali hilo. Huyu kaka alikuwa karani wa ofisi mpaka alipostaafu, na ndiye aliyemlea Dobi baada ya baba yao kufariki. Alikuwa na kiwanja kirefu, nyumba yake mbele na nyuma majani matupu. Akasema atamkatia mdogo wake kipande cha nyuma, kwa bei ya kindugu.

Siku ya kukabidhiana nilikuwepo. Mama Pacha alikuja na karatasi moja aliyoiandika kwa mwandiko safi.

"Shemeji," alimwambia Karani, "ni mistari michache tu. Utie sahihi hapa, na fundi awe shahidi."

Karani hakumtazama yeye. Alimtazama Dobi.

"Mimi niliyekufuta kamasi, leo naandikishwa?"

Dobi akainamisha kichwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia Mama Pacha, "Shemeji, watu wa tumbo moja mnaandikishana nini? Weka karatasi hiyo, tufanye kazi." Aliikunja taratibu, akaitia mkobani. Pesa zikatoka mkono huu zikaingia mkono ule, tukapeana mikono, tukacheka tena.

Kreni ililileta kontena kupitia kiwanja cha jirani, ambacho wakati huo kilikuwa wazi. Nikakata madirisha manne na mlango. Karani alikuja kila Jumapili kula nao. Akawa na maoni mengi: mwageni kibaraza, sawazisheni ua, pakeni rangi ipendeze. Siku walipomaliza kupaka rangi alizunguka kontena zima, mikono nyuma, akilisifu. Dobi alifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Wiki mbili kabla ya asubuhi ile ya pazia, Karani aliaga kwamba anakwenda kwa binti yake mjini kutibiwa macho. Mama Pacha alimfungia chakula cha njiani.

Sasa turudi pale mlangoni. Mwenye duka la dawa hakuwa mtu mbaya. Alipoona nyuso zetu alitoa mkataba wake, akampa Mama Pacha asome. Kiwanja kizima, nyumba moja ya matofali, na stoo moja ya bati yenye rangi mpya.

"Yenye rangi mpya," Mama Pacha alisoma tena, kwa sauti. Kisha akaangalia tarehe. "Baba Pacha, hii ni kesho yake. Kesho yake baada ya sisi kupaka."

Dobi alikitua kikombe chini.

Tulimfuata Karani kwa binti yake, mimi na Dobi. Tulimkuta sebuleni anasoma gazeti, bila miwani.

"Kaka, umeuza nyumba yangu?"

"Nimeuza kiwanja changu."

"Nilikulipa kipande changu. Fundi huyu hapa aliona."

"Ulinipa shukrani," alisema Karani. "Nani alikusomesha? Nani alikuvisha? Mimi sikukudai."

"Ungenidai, kaka. Ungeniambia tu kwamba unanidai, ningekulipa mpaka mwisho. Lakini umekula kwangu kila Jumapili na mkataba uko mfukoni."

Karani akafungua ukurasa mwingine wa gazeti. "Kama una karatasi, ilete."

Nilitamani sakafu ile inimeze. Kwa mwenyekiti wa mtaa nako tuliulizwa neno hilohilo. Nikasema mimi ni shahidi. Mwenyekiti akaniuliza kama niliweka sahihi mahali popote. Nikatikisa kichwa. Kilichookoka ni kontena peke yake, kwa sababu yadi ya makontena iliyowauzia iliwapa stakabadhi yenye namba iliyogongwa kwenye chuma. Mwenye duka la dawa akakubali kwamba stoo si stoo, ni mali yao, akawapa siku kumi na nne waiondoe.

Waiondoe vipi? Kwenye kiwanja cha jirani sasa palikuwa na nyumba iliyojengwa mpaka kwenye linta, juu ya madirisha. Kreni haikuwa na pa kupita.

Basi tukalikata. Dobi alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo tulibaki mimi, mashine yangu na Mama Pacha. Aliniambia, "Chumba cha watoto anza nacho sasa hivi, kabla hawajatoka shule." Nikaanza. Alikuwa akibeba mbao za ndani moja moja, akizipanga kwenye mkokoteni, akizifuta vumbi kana kwamba kuna mgeni anakuja. Hakulia. Angelia, ningepata nafuu.

Leo wamerudi kwenye chumba kimoja, na cherehani iko tena miguuni pa kitanda.

Miezi imepita. Siku moja Karani alikwenda hospitali, safari hii macho yakimuuma kweli, akapita mlangoni pa chumba cha kufulia. Akaita, "Mdogo wangu!" Dobi alikuwa amebeba furushi la mashuka. Alisimama, akainama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

Karani alisubiri lile neno jingine, neno alilokuwa akiitwa tangu Dobi ajue kusema. Halikuja. Akaitikia kwa sauti ndogo, akaenda zake.

FUNZO

Ndugu zangu, msitoke hapa mkisema kontena lina mkosi. Nyumba ya kontena ni nyumba. Kuungana familia kadhaa mkanunua pamoja ni njia nzuri, na kujenga chumba kimoja leo kingine mwakani hakuna aibu. Mwenye kipato kidogo ana haki ya kufunga mlango wake. Lakini kabla ya dirisha na rangi, ujue ardhi unayokanyaga ni ya nani, na iwe imeandikwa, mbele ya mashahidi walioweka sahihi, hata kama muuzaji ni kaka yako. Kwa kaka hasa, maana mgeni ungemwandikisha bila kuombwa. Ulizeni pia ofisini kama kuna mwingine aliyeuziwa. Na wewe mume, mkeo akileta karatasi, usiiname.

Dobi alipoteza ardhi. Alipoteza na kaka, na huyo hauzwi popote.

Vipande vya kontena viko karakana kwangu, nimevifunika turubai. Siku wakipata ardhi yenye hati, nitaviunga bila malipo. Hilo nimelitamka mbele ya Mama Pacha, naye akaniambia niliandike. Nimeliandika. Na ninyi mkitaka shahidi, niiteni, nitakuja na kalamu yangu.