Nani Amewasha Taa Nyekundu?

Kidawa ana miaka sita. Anaishi Korogwe na Baba, pamoja na Bibi, mama yake Baba.

Chini ya televisheni yao kuna king'amuzi. Ni kisanduku cheusi. Kinaweza kurekodi kipindi, halafu mnakitazama baadaye.

Jioni moja, televisheni ilikuwa imezimwa. Mara…

Tii! Taa nyekundu ikawaka.
Rrrr… kisanduku kikanguruma.
Lo! Nani amekibonyeza?

"Kidawa!" Baba akaita. "Umechezea rimoti?"

"Si mimi, Baba."

"Ni nani basi, paka? Ukiichezea tena, Jumamosi hakuna katuni!"

Kidawa akanuna. Katuni anazipenda sana. Lakini kilichomuuma zaidi, Baba hakumwamini.

Wiki ikapita. Siku ile ile, jioni ikafika. Mara…

Tii! Taa nyekundu ikawaka.
Rrrr… kisanduku kikanguruma.
Lo! Nani amekibonyeza?

"Kidawa!"

"Si mimi, Baba! Kweli tena!"

Baba akatikisa kichwa. "Kwa hiyo kinajibonyeza chenyewe?"

Kidawa akakitazama kisanduku. Je, kama ni kweli?

Wiki ya tatu, jioni ya siku ile ile, Kidawa akamvuta Baba mkono. "Njoo tukilinde. Weka rimoti juu ya kabati."

Baba akaiweka. Wakakaa kitako, kimya, mikono magotini. Mara…

Tii! Taa nyekundu ikawaka.
Rrrr… kisanduku kikanguruma.
Lo! Hakuna aliyekibonyeza!

Baba akatoa macho. Kidawa akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisanduku kinafanya kazi peke yake!

Baba akawasha televisheni. Kumbe ni kipindi cha vipepeo.

"Ah, vipepeo wangu!" Bibi akasema mlangoni. "Siku moja niliwatazama, kisha nikabonyeza kitufe chekundu cha rimoti nizime televisheni. Haikuzima! Ikaniuliza swali."

"Swali gani, Mama?" Baba akamuuliza.

"Irekodi kila wiki? Nikajibu ndiyo."

"Kwa nini, Mama?"

"Jamani! Unaulizwa vizuri, halafu unyamaze? Adabu iko wapi?"

Baba akacheka mpaka akashika mbavu. "Kitufe hicho si cha kuzima, Mama. Ni cha kurekodi."

Kidawa hakucheka. Alikuwa anakishangaa kisanduku.

"Kinakumbuka kila wiki?"

"Kila wiki," Baba akasema.

"Hata sisi tukiwa jikoni?"

"Hata tukiwa jikoni."

"Ooo!" Kidawa akasema.

Wakakaa watatu kwenye mkeka. Kwenye televisheni, kifuko kidogo kikapasuka. Bawa likachomoza, limekunjamana. Likajikunjua polepole, polepole.

Bluu! Bluu tupu!

Kidawa hakupepesa macho. Bibi akasogea karibu. Baba akasahau chai yake mpaka ikapoa.

Usiku, Baba akamfunika Kidawa shuka. Akamshushia chandarua.

"Ulisema kweli, Kidawa."

"Nilikwambia, Baba. Nikakwambia tena."

"Uliniambia, nami sikukusikiliza. Nisamehe, mwanangu."

Kidawa akafikiri kidogo.

"Haya, nimekusamehe," akasema.

Akamshika Baba kidole. Akalala fofofo, na kidole hakukiachia.