Mtoto wa Raia Aliyezaliwa Nchini

Ukumbi wa ofisi ya uraia ulikuwa umefurika asubuhi hiyo, watu wanasomeana fomu mabegani. Kwenye dirisha la mwisho alisimama fundi miwani, mwanamke wa miaka thelathini hivi, blauzi ya manjano imepigwa pasi vizuri, na lensi yake ya kazi bado inaning'inia shingoni kwa kuwa alitoka dukani mbio. Karani alikuwa amemrudishia ombi lake mara ya pili. Kifungu cha tano, alimweleza, kinasema mtoto wa raia aliyezaliwa nchini anaweza kuomba uraia, na yeye alizaliwa nje.

"Aliyezaliwa nchini ni marehemu baba," fundi alisema. "Cheti chake hiki hapa."

"Sheria inamsema mtoto, dada."

"Wapi?"

Karani akaliwekea kidole lile neno 'aliyezaliwa.' Fundi naye akaweka kidole chake palepale. Nyuma yao alikuwepo mwanamume mrefu, shati jeupe lenye doa la wino mfukoni, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji aliyeleta fomu mpya zipitishwe. Hayakumhusu hata kidogo, lakini mtu wa kazi ile akiona sentensi imekaa vibaya hawezi kujizuia.

"Samahanini," alisema. "Wote mko sawa. Hiyo 'aliyezaliwa' inaweza kumshika mtoto, na inaweza kumshika raia."

Karani akamwomba asubiri zamu yake. Fundi alimtazama kwanza viatu, kisha uso, akaona uso wenyewe si haba.

Walitoka pamoja, na kabla ya kufika kwenye ngazi fundi alikwisha kumweleza yote. Kibali chake cha kuishi kilibakiza miezi sita na hakingeongezwa tena. Asiporuhusiwa kuomba, angefunga duka na kurudi alikozaliwa, mahali ambapo hakubakiwa na mtu wa kumpokea.

Mwanasheria mmoja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alilipeleka shauri Mahakama Kuu. Msahihishaji akawa anapita dukani kila mchana kuulizia maendeleo ya kesi, kana kwamba kesi huendelea kila mchana. Walichunguza sentensi walizozisikia njiani kama watoto wanaofungua redio waone kilichomo ndani. Fundi alimpa jina la Koma, kwa kuwa dawa yake ya kila sentensi ilikuwa koma, na kwa kuwa siku nyingine alitamani kumwambia akome. Koma naye alimwita Jicho. Asubuhi nyingi simu ililia kabla fundi hajafungua duka.

"Jicho langu, nisaidie. Mke wa jirani aliyeuza baiskeli. Nani kauza?"

"Yule aliyechoka kuipanda."

"Hilo si jibu la kisarufi."

"Basi njoo ulichukue la kisarufi huku, nikuone."

Fundi ndiye aliyegundua. Mchana mmoja alikuwa anakisoma kile kijitabu cha sheria kwa lensi, akarudi ukurasa mmoja nyuma. Kifungu cha nne kilisema kila aliyezaliwa nchini na mzazi raia ni raia tayari. Sasa kama kifungu cha tano nacho kinamsema mtoto aliyezaliwa nchini, aliuliza, anaomba nini, ilhali ameshapewa? Koma alisoma mara tatu, akavua miwani, akambusu kwenye paji la uso. Mwanasheria alipopigiwa simu alisema hiyo itakuwa hoja ya kwanza.

Wiki tatu kabla ya hukumu, fundi alikuwa chumba cha nyuma anasaga lensi. Alipozima mashine, akamsikia Koma mbele anaongea kwa simu na shangazi yake aliyemlea.

"Nitamuoa akipata uraia, shangazi."

Fundi, ambaye kwa miezi minne alikuwa akimweleza kila mteja kwamba sentensi moja huweza kuwa na maana mbili, safari hii aliona maana moja tu, tena ile inayouma. Hakumuuliza kitu. Jioni hiyo alisema kichwa kinamgonga, kesho yake hakupokea simu, na siku nane zikapita Koma akigonga mlango wa duka lililofungwa. Siku ya tisa ulimfikia ujumbe wa maneno mawili: "Na nisipopata?"

Alifika bado ameshika kalamu nyekundu.

"Nilikuwa nasema wakati," alisema mlangoni. "Sikusema sharti."

"Ungesema 'atakapopata.'"

"Ningesema. Nimezoea kusahihisha ya wenzangu tu."

"Neno likiwa na maana mbili, mahakama hutazama nini?"

"Maneno ya jirani yake."

"Haya, jirani yake yalikuwa yapi?"

Koma aliitia kalamu mfukoni. "Shangazi alitaka tufunge ndoa mwezi huu huu, uwe salama. Nikamwambia wewe ndiwe hutaki. Nani aliniambia hataki mtu aje aseme aliolewa kwa ajili ya karatasi?"

Aliyesema hivyo alikuwa fundi mwenyewe, kwa mdomo wake. Hata hivyo hakukubali upesi; alitaka shahidi. Shangazi alipigiwa simu papo hapo, akathibitisha kila neno, akaongeza kwamba yeye amechoka na sarufi, anataka harusi. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. "Niliogopa," alimwambia Koma, akimshika shati. "Niliogopa nitafukuzwa mara mbili."

Jaji alisoma hukumu kwa sauti ya chini. Alisema sentensi ile inabeba maana zote mbili, na kwa hiyo haiwezi kusomwa peke yake. Bunge haliandiki kifungu kisicho na kazi, na kukisoma cha tano kama ofisi inavyokisoma ni kukiacha hakina mtu wa kumhudumia. Aliyezaliwa nchini, basi, ni raia, yaani mzazi. Ofisi ilipokee ombi lake.

Ilipokee tu, mwanasheria aliwakumbusha nje. Kupewa ni hatua nyingine. Siku hiyohiyo walikwenda kuchukua fomu mpya, wakaijaza wamesimama, bega kwa bega. Jina, kazi, mahali alipozaliwa baba. Kalamu ikasimama kwenye "Hali ya ndoa."

"Sheria imeshanitambua kwa baba yangu," fundi alisema bila kuinua macho. "Sasa hakuna wa kusema ni kwa ajili ya karatasi. Hapa niandike nini, Koma?"

Koma alinyoosha mkono kuipokea kalamu. "Unataka niandike mimi?"

"Nataka unioe."

Aliitikia kwa kichwa. Karani akauliza kama fomu iko tayari. Fundi aliikunja kwa uangalifu, akaitia mkobani.

"Bado sehemu moja," alimwambia. "Nitaileta Jumatatu."